Wasifu wa Fundi Komeo, Aliyelinda Jukwaa la Majokofu

Marehemu Fundi Komeo alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Mama yake alisema alitoka akilia kama mtu aliyeona kitu.

Alisoma hadi kidato cha pili. Alifukuzwa kwa kufungua jokofu la maabara ili ajue taa ya ndani huzimika lini. Alirudi nyumbani ameshajua.

Tarehe 3 Agosti 1996 alifunga ndoa, na chumba cha mbele cha nyumba kikawa karakana yake ya majokofu. Mwaka 2014 alianzisha jukwaa la mafundi mtandaoni. Kanuni alizitunga mwenyewe: ujumbe mzuri upigiwe kura ya juu, mbaya ya chini, na ukizidiwa na kura za chini ufichwe. Kufuta kulikuwa kazi ya msimamizi, yaani yeye, hadi kura za wanajukwaa zimwondoe. Jina la Komeo alipewa humo, kwa kuwafungia watukanaji.

Februari mwaka huu, mmoja ajiitaye Daktari wa Baridi alishauri majokofu yajazwe gesi ya kupikia. Kura za juu zikamiminika. Marehemu akaufuta ujumbe ule. “Kura haizimi moto,” aliandika. Wakamwita dikteta, wakapiga kura, wakamvua usimamizi. Kesho yake ikatokea jukwaani picha ya mlango wa nyumba yake, imeandikwa: “Komeo anakaa hapa.” Nayo ikapaa kwa kura za juu.

Kuifuta hakuweza tena. Alibaki na kura moja ya chini, mkewe nyingine, na mabinti nao zao mbili. Maji ya kijiko kwenye nyumba inayowaka.

Tangu hapo kila hodi ilimtoa jasho. Siku shemeji yake alipobisha, alijibana nyuma ya jokofu bovu.

“Nani?”

“Shemeji yako! Fungua, jua linanichoma!”

“Shemeji yupi?”

“Niliyekupa dada nikajuta, mjinga wee!”

Sisi wa nyumbani tulicheka. Yeye alichungulia dirishani kwanza.

Shinikizo la damu likapanda. Alilazwa tarehe 11 Machi, akafariki tarehe 19, akimuuliza mkewe kama mlango umefungwa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, shemeji mwenye mdomo, na ninyi wanajukwaa, ambao baadhi yenu mmekaa hapa na hatuwajui kwa sura. Karibuni, ingawa tunawaogopa. Picha bado iko juu, na leo mjane analala nyuma ya mlango ule. Simu mnazo mifukoni. Kura ya chini haivunji kidole.

Apumzike kwa amani, nasi mtuache tulale.