Bi Mwatum na Kisima cha Kiuyu

Miaka thelathini na moja ya kazi ya Bi Mwatum Silima, fundi wa vipimo katika idara yetu ya maji hapa Chake Chake, inafikia ukingoni tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imetaka wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa moyo hauko huko.

Alianza kwa kupima visima kwa kamba na chupa. Vilipokuja visanduku vinavyopima chumvi vyenyewe, ni yeye aliyevifunga, bisibisi mdomoni, akimfokea kila aliyesogea na kikombe cha chai.

Kisanduku cha kisima cha Kiuyu ndicho kilichomtoa jasho. Mtandao kule haukamati, kwa hiyo vipimo hukaa ndani ya chipu mpaka viendewe. Kila akienda, mafaili yameharibika: mengine matupu, mengine hayafunguki kabisa. Alibadilisha chipu, akaweka programu upya, akalaumu joto. Wapo waliosema kisima kina wenyewe, majini. Mlinzi wa pampu, Mzee Masoud, kila akiulizwa kama umeme unakatika, aliapa kuwa haukatiki.

Siku moja Bi Mwatum alishinda kule. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, Mzee Masoud akateremsha swichi kubwa. Pampu ikanyamaza, na kisanduku nacho kikazimika katikati ya kuandika. Chipu ya aina ile ikinyimwa umeme wakati inaandika, huharibu hata yaliyokwisha kuandikwa.

"Sasa Bi Mwatum, niiwache mashine ingurume na adhana yalia?" Mzee Masoud alishangaa kwelikweli. Wala hakuwa amedanganya. Umeme haukukatika, aliuzima mwenyewe, kwa adabu, kila sala. Bi Mwatum alikipa kisanduku betri yake, na tangu hapo hakuna faili lililoharibika.

Lakini maji yalikwisha kumwagika. Chumvi ilikuwa imeshaingia kisimani, na vipimo ambavyo vingetuonya mapema tupunguze kuvuta maji ndivyo vilivyopotea. Alihangaika na chipu zile mpaka macho yakamvimba. Hakuambulia kitu. Kisima kimefungwa, na sidhani kama kitafunguliwa tena. Inauma, na sioni kwa nini tujifanye haiumi.

Ahsante, Bi Mwatum, kwa ukali wako na kwa subira yako. Tunakutakia maisha mema nyumbani kwenu, huko huko Kiuyu. Gari la maji hufika Jumatatu. Tumemwomba dereva aanzie mlangoni kwako.