Hojaji za Wauza Samaki

Treni ya Warri ilijikokota, na mbele yangu wanafunzi wawili wa uhasibu, waliofahamiana hapo hapo vitini, walikuwa wanabishana kwa uchovu.

"Dada Tejiri, mwenzio nilijaza hojaji zangu zote bwenini," alisema kijana, Aigbe. "Nilibadilisha kalamu na mwandiko tu. Msimamizi akasaini."

"Mimi mjinga nilikwenda sokoni kweli," akajibu binti. "Wauza samaki wakaniambia mikopo ya benki imewafilisi. Msimamizi wangu kasema tafiti za miaka yote zinaonyesha mikopo inawainua, kwa hiyo nirekebishe majibu. La sivyo hasaini, na mwaka huu sihitimu."

"Si urekebishe! Hao wamama watajuaje?"

"Mama yangu ni mmoja wao, kaka."

Kijana akaanza kupekua mkoba wake. Mimi sikusoma chuo, nilijisomea magazeti ya kufungia akara, bajia zangu za kunde, na ninaikumbuka benki iliyokufa na akiba za soko letu zima. Ripoti zake zilikuwa safi kabisa. Kumbe walioziandika walianza mazoezi mapema, bwenini.

"Shika," Aigbe akampa kalamu tatu za rangi tofauti. "Hasira haitakupa shahada."

"Hasira nitoe wapi? Nimechoka tu." Lakini alizipokea.

Kituo cha Agbor kilipokaribia, Tejiri akasimama na hojaji zake kifuani.

"Ya mama yako uijaze kwa mwandiko mzuri!" kijana akamtania.

"Mama hajui kuandika," alisema Tejiri. "Alisema, nikaandika mimi."

Treni ikasimama.