Jangwani Hakuna Dizeli

Mheshimiwa Meya, Ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa kituo cha kupima hewa, na wewe Mama Mizani, uliyekaa hapo mbele ukijifanya hunisikii, kama ulivyofanya miaka kumi na tisa niliyokuwa bosi wako: habari za mchana.

Nimeombwa nimsifu anayestaafu. Nitamsifu, lakini itabidi kwanza nijiumbue.

Mnakumbuka mwaka ule anga lilipogeuka rangi ya tofali kwa siku tisa, kuku wakaingia bandani saa nane mchana? Waandishi wa habari walijaa ofisini kwangu, nami nikawatangazia kwamba lile ni vumbi la jangwani, limesafiri maelfu ya kilomita, halina mwenyewe, na jiji halina kosa. Meya wa wakati ule, ambaye leo hakualikwa, alifurahi mno. Nani asiyependa mkosaji asiyeweza kujibu?

Ilibaki ripoti, na ripoti ilihitaji sahihi ya Mama Mizani, maana ndiye aliyepanda juu ya paa kila asubuhi kubadilisha kichujio cha hewa na kukipima uzito. Akakataa. Nikamwita, nikafunga mlango, nikamkumbusha kwa upole kwamba mkataba wake unakwisha mwezi ujao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaazima leso yangu nyeupe, zawadi ya mama mkwe. Akatoka nayo, akafutia kioo cha gari langu, akarudi akaitandaza juu ya ripoti.

Ilikuwa nyekundu, kama nilivyotangaza. Ila ilikuwa pia na weusi unaonata.

"Nusa, bosi," akasema. "Jangwani hakuna dizeli."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa: vumbi likifika kwetu linakutana na moshi wa magari na wa dampo letu linalochomwa kila siku, moshi unajipaka kwenye chembe zake, upepo ukitulia vyote viwili vinatukalia kichwani. Wakati ule wodi ya watoto ilikuwa inalaza wawili wawili kitanda kimoja. Mmoja wao alikuwa mjukuu wangu. Siku ile ya waandishi nilitoka kumwona asubuhi, kabla ya kwenda kulilaumu jangwa.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Niliogopa siku mbili nzima. Siku ya tatu niliwaita waandishi wale wale, nikasema nimekosea. Mabishano na jiji yalichukua miezi saba, dampo likazimwa. Mwaka uliofuata vumbi lilirudi. Tulikohoa, tukafua mapazia, lakini kila mtoto wodini alilala kitanda chake.

Jana nilimuuliza Mama Mizani kama siku ile hakuogopa kufukuzwa. Akaniambia aliogopa sana, hata mumewe alishamtafutia cherehani ya kuanzia maisha.

"Sasa kwa nini hukusaini?"

"Ningesaini nini, bosi? Nilikuwa nimeshapima."

Mama, kwa niaba ya mapafu yetu sote, ahsante. Nanyi nyote mlionitegea sikio kwenye jua hili, nawashukuru sana.