Nyimbo za Lugha Iliyokufa

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Fundi cherehani, na juu ya duka kuna chumba cha Mwalimu mstaafu, aliyefiwa na mkewe. Binti wa Fundi hupanda huko kila jioni kujifunza gitaa. Zamani tulikuwa tunasikia gitaa tu na kunywa kahawa yetu kwa raha. Wiki hii imeingia ngoma. Gitaa linalia, ngoma inaitikia humo humo, na Mwalimu hana ngoma wala mgeni. Sioni haya kusema kwamba niliogopa. Jana Fundi akaja na neno lililotumaliza kabisa.

— Nimemuuliza mtoto anafundishwa nini. Kaniambia nyimbo za Kilatini.

Wakili, ambaye sheria anaijua kutoka magazeti ya kufungia sukari, aliweka kikombe chini.

— Kilatini? Fundi, hiyo lugha imekufa.

— Imekufaje?

— Imekufa tu. Hakuna mtu hai anayeizungumza. Wenyewe wote marehemu.

— Ebo! alidakia Kipaza, ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Basi mpiga ngoma ni marehemu mke wa Mwalimu!

— Marehemu alikuwa anadarizi mashuka. Ngoma kajifunzia wapi? aliuliza Fundi.

— Huko aliko ana kazi gani? Muda anao!

Tulianza kucheka, tukakatiza ghafla. Juu, ngoma ilikuwa imejibu: du, du-du.

— Na anatafuta wa kukaa naye, Kipaza aliendelea. Kwanza anakufundisha nyimbo, kisha anakuita.

— Funga mdomo! Nina mtoto mmoja tu mimi. Leo namwachisha.

— Kapande basi umlete.

— Twende wote.

— Mimi goti linanisumbua, alisema Kipaza.

Wakili naye akakumbuka ana kikao.

Ngazi zikalia. Alishuka Mwalimu, kikombe mkononi, peke yake. Juu gitaa liliendelea, na ngoma pia.

— Mwalimu, alisema Fundi, mtoto umemwacha na nani?

— Yuko peke yake.

— Na hiyo ngoma?

— Ngoma gani? Hicho kidole gumba chake. Anazigonga nyuzi kwa ubavu wa kidole, karibu na pale zilipofungwa, zinatoa mlio wa ngoma. Ndivyo wanavyopiga nyimbo zao za vijijini kule Amerika ya Kilatini. Miaka yote nilidhani gitaa la klasiki ni mambo ya Ulaya tu. Kumbe kule kuna za kubembeleza watoto, za harusi, za wachunga ng'ombe, hazina tupu! Nimezeeka ndiyo nazigundua.

Sote tulimgeukia Wakili. Alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake.

Kwa mara ya kwanza tukasikiliza. Wimbo ulikuwa wa huzuni, na ngoma ilikuwa inautembeza taratibu, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Machozi yalinilenga.

— Mtoto kanipita, Fundi, alisema Mwalimu. Hapa hakuna wa kumwendeleza. Itabidi aende mbali.

Nilidhani hofu imemtoka Fundi. Kumbe ndiyo kwanza inamwingia.

— Afadhali ingekuwa mzimu, alisema. Mzimu ningeukatalia. Wanaokwenda huko, Mwalimu, huwa wanarudi?

Mwalimu alinyoosha kikombe kijazwe. Birika lilikuwa tupu.