Mtani Aliyekuja Kuzika

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyevuka mto kutoka Utete na jua lote hili. Ndugu Mwenyekiti wa Kituo cha Msaada kwa Askari na Familia Zao hapa Kibiti. Wazee wetu wastaafu wa jeshi mnaojitolea kituoni. Ndugu wageni waalikwa. Na nyie wanawake wenzangu huko nyuma kwenye masufuria, punguzeni moto kidogo mnisikie: salaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nimuage Sajini mstaafu Evaristo, anayerudi kwao Tabora. Mimi ni Sikudhani, mke wa Mfaume. Wengi mnamjua Mfaume wa leo, anayeshona viatu pale kituoni na kubishana mpira kutwa nzima. Wa zamani hamkumjua. Mguu mmoja aliuacha vitani Kagera. Aliporudi akaingia ndani, akafunga mlango. Barazani hatoki, msikitini haendi, chakula nikimpelekea anageukia ukuta. Jamani, mnajua kuwa mjane na mume yumo ndani? Niliogopa nitamzika kweli, tena angali kijana.

Wastaafu hawa walikuja kwa adabu zao, mashati wamechomekea, wanabisha hodi. Akawatukana, akawafukuza. Zama hizi za biashara huria, kila mtu mbio na mitumba yake, nani anarudi kwenye mlango aliotukaniwa? Wao walirudi. Safari hiyo wakamtanguliza huyu Mnyamwezi, maana Wanyamwezi na sisi Wandengereko ni watani, na mtani hafukuzwi.

Basi nikasikia kilio uani. Kutoka, namkuta Sajini mzima kajifunga shuka kichwani, anagaagaa mchangani: "Mtani wangu Mfaume kafa! Nimekuja kuzika! Leteni sanda, na jogoo wa matanga nipeni mimi!"

Majirani wakaja mbio. Bi Zabibu, yule pale anajificha, akaangua kilio cha haki kabisa. Mimi hasira zikanipanda. "We mzee, huna haya?" Akanikonyeza, kisha akamkamata jogoo wangu.

Mara mlango ukafunguka kwa kishindo. "Nani kafa? We Mnyamwezi mpagazi wee, mwachie jogoo wangu!" Mfaume huyo, gongo lake la kutembelea mkononi, anaruka kwa mguu mmoja hadi katikati ya uwanja, anamtafuta wa kumpiga.

"Loo!" akasema Sajini. "Maiti gani huyu ana uchoyo wa kuku?"

Watu wakavunjika mbavu. Na Mfaume akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini, pale pale juani, mbele za watu. Aliyelia sasa nikawa mimi.

Sajini, siku ile nilikutukana, na radhi sikuombi, maana mtani haombwi radhi. Ila asante utaipokea tu, utake usitake. Nanyi wazee mliomfundisha kushona viatu, mkavumilia na mdomo wake, Mungu awalipe.

Ndugu zangu, kule Mohoro yupo askari mwingine aliyejifungia vivyo hivyo. Tulikuwa tunajiuliza, Sajini akiondoka, nani atamwendea? Jana Mfaume akaniambia, "Mke wangu, nifulie shati. Keshokutwa naenda Mohoro."

Nimelifua huku nalia. Mtu niliyembembeleza atoke japo barazani, leo ndiye ananiaga mimi. Nenda, mume wangu, nenda kambishie hodi mwenzio. Akikufukuza, rudi tena.

Nawashukuruni nyote kwa kunipa masikio yenu. Nimemaliza.