Uwanja Uliohama

Dereva wa basi alipozima kaseti ya kundi la vijana wa Dutwa, mzee wa kiti cha mbele alishukuru kwa sauti. "Eti hiphop! Mimi nasikia watu wanagombana." Nyuma yake Elina, binti pekee wa kundi hilo, akavuta kitenge hadi puani.

"Mimi huku naletwa na pamba tu, tangu soko liachiwe watu binafsi," alisema jirani wa mzee, mnunuzi kutoka Mwanza. "Ila nasikia kwenye shindano la Jumapili vijana wetu waliwafunika hao wa Dutwa hapo hapo kwao."

Mzee aligeuka mzimamzima. "Nani kakudanganya? Nilikuwepo! Yule binti wao alijitapa kwa Kisukuma kama manju wa zamani, uwanja mzima ukahamia kwao, kama tunavyofanya kwenye mashindano ya ngoma, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Upande wenu alibaki fundi mitambo."

"Kumbe na wewe babu ulihama?"

"Mimi nilikuwa nakimbia jua!"

Basi likasimama Kasoli, mzee akashuka bila kuaga. Elina akacheka ndani ya kitenge. Jumapili ile kivuli chote kilikuwa upande wa Mwanza. Kina Elina waliimba jua likiwachoma machoni.