Mashine Tumboni mwa Mama Ghanima

Basi la mtaa wa Rohero lilipopinda, sanduku la vyuma la fundi Ilias lilimgusa ubavuni Mama Ghanima, abiria asiyemjua.

"Baba, toa iyo kitu! Mu tumbo yangu muko mashine ya kutuliza maumivu. Imenyamaza kidogo, sasa inawaka tena!"

Ilias akacheka. "Betri unabadilisha wapi, mama?"

"We cheka tu. Leo muganga ananipasua na kisu ya umeme. Mashine ikiwa inawaka, waya zake zitaniunguza mu mugongo. Na sumaku ya kuizima iliungua na nyumba yetu."

Cheko likamkauka Ilias. Sandukuni ilikuwamo sumaku ya spika; ndiyo iliyoinyamazisha. Akampa. Mama akaibana tumboni, maumivu yakarudi, jasho likamtoka.

"Imekata roho," akanong'ona. "Na ikikataa kufufuka?"

Basi likasimama hospitalini. Ilias akashuka naye, ingawa alikuwa akienda sokoni.